Sista na Theluji ya Jamhuri

Mwezi wa saba, ukungu ukishuka Nairobi na watoto wa mtaa wetu wa Jamhuri wakienda shule wamevaa kofia za sufu, mtu aliyelalamikia baridi kuliko wote Jamhuri alikuwa Sista. Alikaa sebuleni na sweta mbili, leso kiunoni, soksi ndefu mpaka magotini, na jiko la makaa mbele ya miguu. Na kwa kuwa alikuwa muuguzi na aliyajua madhara ya moshi wa makaa, dirisha aliliacha wazi, kwa hiyo baridi aliyoifukuza kwa jiko ilirudi kupitia dirishani. Ukiingia kumsalimia hakuanza na salamu. Alikuonyesha kwanza kiti kilicho karibu na moto.

Sasa huyu ndiye mwanamke ambaye kila Januari, sisi wengine tukianika nguo na kusifu jua, alifunga mizigo akaenda Norwe kuteleza juu ya theluji mpaka Pasaka ipite. Nilimchokoza kila mwaka, na hakuchoka kunijibu.

“Sista, wewe mtu wa barafu, unaogopaje July?”

“Kule nyumba ziko na heater, Mama Shiru. Hapa tunaishi ndani ya friji halafu tunaambia wageni ati Kenya hakuna winter. Na si barafu. Barafu ni ya kuweka kwa soda. Ile ni theluji.”

Tulimwita Sista kwa sababu ndivyo muuguzi anavyoitwa kwetu, awe kazini au amestaafu. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitumia mbele yake na sitaanza leo. Tulikaa ukuta kwa ukuta tangu miaka ile ya mgao wa stima, aliporudi kutoka ng'ambo kumuuguza mama yake. Mama alipofariki tulidhani atarudi alikotoka. Badala yake akakaa katika nyumba ya mama, ila mwaka wake akaukata vipande viwili: cha Jamhuri kikubwa, cha Norwe kidogo. Kile kidogo ndicho alichokizungumzia.

Kule kaskazini alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kuwazungukia wazee majumbani, kuwafunga vidonda, kuwapima presha, kuwakumbusha dawa. Baada ya kustaafu waliendelea kumwita kila Januari ashike zamu, kwa sababu wauguzi wa kule, wakichoshwa na giza la majira ya baridi, hukimbilia kwenye jua. Wengine wao, aliapa, walikuja Mombasa. “Tunapishana hewani,” aliniambia. “Mimi nikienda, wao wakija, na kila mmoja anamwona mwenzake wazimu.” Alishika zamu za asubuhi tu, akapata nauli yake na mchana wake, na mchana wote aliumalizia kwenye skii.

Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ni ule mchezo wa kwenye televisheni, wa watu kujitupa kutoka mlimani kama waliochoka kuishi. Alinikatiza. Skii zake zilikuwa za safari: mbao za kufunga miguuni, nyembamba, ndefu, kisigino kiko huru, na unakwenda kwa nguvu zako mwenyewe, unapanda, unashuka, unakata msitu, unavuka ziwa lililoganda. Alfajiri mashine hupita ikichora mifereji miwili kwenye theluji, na ukiingiza miguu humo unaifuata kama gari-moshi linavyofuata reli. Unasukuma mguu mmoja, unatulia juu yake ukiteleza, kisha wa pili. Kule kutulia ndiko alikokupenda. Watu wapya, alisema, wanakosea kwa sababu wanatembea. Wanaogopa kusimama juu ya mguu mmoja, kwa hiyo hawaiachi skii imalize safari yake.

Naye alikuwa ameanza vibaya kuliko hao wote. Mwaka wake wa kwanza kule alikaa ndani, akalia, akanenepa, akaandikia nyumbani kwamba kila kitu kiko sawa. Kazini kulikuwa na mwenzake mmoja, mwanamke mrefu asiyesema sana, ambaye siku moja alimwachia mlangoni jozi ya skii kuukuu bila neno lolote. Januari yote Sista alianguka. Alianguka akiwa anakwenda, alianguka akiwa amesimama, na mara moja, alikuwa tayari kuapa, alianguka akiwa ameketi. Lakini Machi ilipofika na theluji ikaanza kulainika, alijikuta amesimama dirishani akiomba isiyeyuke. Yule mwenzake akawa rafiki yake wa maisha, na ndiye aliyemtunzia vifaa vyake vyote chini ya ngazi ya nyumba yake, mwaka baada ya mwaka.

Msimu wenyewe aliuzungumzia kama mkulima anavyozungumzia mvua. Kwake haikuwa baridi moja ndefu. Januari ilikuwa ya buluu: jua halionekani, kuna mwanga tu kwa saa chache, na theluji inalia chini ya skii kama viatu vipya. Februari jua linachungulia juu ya kilima na watu wazima wanatoka nje kulitazama, wanasimama tu, wamefumba macho, nyuso juu. Machi ndiyo yenyewe. Mchana ni mrefu, usiku umegandisha theluji ikawa ngumu, unaweza kwenda popote unapotaka. Kule wana desturi ya kubeba machungwa siku za Pasaka na kuyamenya wakiwa wameketi juu ya theluji, migongo kwenye jua. Sista alibeba machungwa, akabeba na chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi iliyotoka kwetu, na kwa miaka yote hiyo, alisema, hakuna Mnorwe aliyewahi kukataa kikombe cha pili.

Akiwa Nairobi hakutaka misuli isahau. Alikuwa na skii fupi zenye magurudumu, zile ambazo wanariadha wa kule hufanyia mazoezi wakati hakuna theluji, na fimbo mbili ndefu zilizokuwa na ncha za chuma. Ncha ziliposagika kwa lami yetu, alizipeleka kwa fundi wa baiskeli pale karibu na barabara ya Ngong, naye akazichomelea nyingine bila kuuliza ni za nini. Kila asubuhi isiyo na mvua alivaa suruali ya kubana, akafunga kitambaa cha kitenge kichwani, akatoka. Barabara za mtaa zilikuwa na mashimo, kwa hiyo alikwenda uwanja wa maonyesho, Jamhuri Park, ambao wiki ya maonyesho ikishapita unabaki mtupu mwaka mzima, barabara zake za ndani zimenyooka katikati ya mabanda ya ng'ombe yasiyo na ng'ombe.

Askari wa langoni alimzuia siku ya kwanza.

“Madam, hizo ni nini?”

“Ni viatu.”

“Viatu ziko na tairi?”

“Na hazina breki,” akamwambia, “kwa hiyo ukiniona nakuja mbio, fungua gate.”

Tangu siku hiyo waliheshimiana. Askari alikuwa na redio yake ndogo, na Sista akitokea kwa mbali aliipunguza sauti ili asikie magurudumu yanakuja.

Lakini mtaani kwetu habari hazikueleweka hivyo. Wakazi waliamka wakamwona mama mtu mzima anatoka kwake na magongo mawili, miguu imefungwa kwenye vyuma, anasukuma kwa shida kuipanda ile njia yenye mashimo. Wakahitimisha walichohitimisha. Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kuazima ungo, na naapa sikuwahi kuona Sista akikosa maneno ila siku hiyo. Walileta unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Mwenyekiti wao akamwambia ajipe moyo, kwamba hata shangazi yake alirudi kutembea baada ya ajali, polepole, kwa magongo hayohayo. Wakaimba. Wakaomba. “Bwana, hiyo miguu wewe ndiwe unaijua,” mwenyekiti akasema, na Sista, kichwa chini, akasema amina.

“Kwa nini hukuwaambia?” nilimuuliza walipoondoka.

“Wamebeba unga wa kilo nne kutoka sokoni, Mama Shiru. Unataka niwaambie wamekosea nyumba?”

Wiki nzima alitoka kabla hakujapambazuka ili asionekane. Kisha, siku moja, akitoka langoni mwa Jamhuri Park kwa kasi yake yote, fimbo kwapani, kitambaa kinapepea, akakutana uso kwa uso na mwenyekiti aliyekuwa amebeba kabichi. Kabichi zilianguka. Mwenyekiti akainua mikono akapiga kelele ya shangwe iliyosikika mpaka kwenye maduka: amepona! Jumapili ile Sista aliitwa mbele kutoa ushuhuda. Alisimama, akasema, “Namshukuru Mungu kwa miguu,” akakaa. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nilipomtazama alikuwa ameuma midomo asicheke, nami nililazimika kutoka nje.

Watu wengi walimwona mpole, pengine kwa sababu ya kazi yake. Hakuwa mpole. Alikuwa mvumilivu kwa mgonjwa na mkali kwa mzima. Alikuwa na rangi za nta kichwani mwake, kwa sababu kule nta ya kupaka chini ya skii huchaguliwa kulingana na baridi ya siku, kijani kwa baridi kali, buluu kwa ya wastani, nyekundu kwa theluji iliyolowa, na ya mwisho kabisa ni ile ya kunata kama gundi ambayo ikikushika mkononi inakaa siku mbili. Kwa rangi hizo alipanga watu. Mume wangu, Mungu amweke pema, alikuwa buluu: wa kila siku, hana makuu. Mimi nilikuwa nyekundu. Mpangaji wake wa nyumba ya nyuma, aliyekuja kila mwisho wa mwezi na hadithi mpya badala ya kodi, alikuwa gundi.

Aliogopa mbwa. Mtu aliyevuka maziwa yaliyoganda peke yake, akasikia barafu ikipasuka chini yake na akaendelea kwa sababu, alisema, ikilia ni dalili nzuri, alizunguka nyumba tatu ili asipite kwenye lango la jirani mwenye mbwa mdogo wa kizungu. Nilimcheka. Alikubali kuchekwa kwa hilo. Hakukubali kusaidiwa. Ukimshikia mfuko aliunyakua, ukimwonyesha njia alichukua nyingine. “Mimi ndiye hushika watu mkono,” alisema, na kwa kweli miaka yote hakuna aliyemshika wake.

Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili mjini, na mara moja moja tulikutana huko saa ya chakula. Kutembea naye mjini kulikuwa kazi. Kwenye theluji, aliyeko nyuma akitaka kupita huita neno moja na aliyeko mbele hutoka kwenye mfereji akampisha, bila chuki. Sista alijaribu desturi hiyo kwenye barabara ya Tom Mboya. Aliita, hakuna aliyepisha, akaita tena, mchuuzi mmoja akamwambia, “Mathe, hii ni tao, si highway.” Alilicheka hilo mpaka tukafika kwenye saiba.

Saiba ndiyo iliyomleta mjini. Oktoba ikianza alikuja kila wiki kwenye chumba kimoja juu ya duka la nguo, akakodi kompyuta, akafungua picha ya ule mji wake. Kulikuwa na kamera iliyowekwa kwenye nguzo, inaonyesha barabara moja na kipande cha kilima, na picha ilibadilika kila baada ya muda. Alikaa akiitazama barabara hiyo tupu. Kijana wa saiba alimzoea, akawa anaifungua mwenyewe akimwona anapanda ngazi. “Sista, bado ni mavumbi,” angemwambia. Halafu siku moja mnamo Novemba ilikuwa nyeupe, na Sista aliwanunulia soda wote waliokuwa chumbani, wanafunzi, mapadri, watu waliokuja kutafuta kazi za ng'ambo, na hakuna aliyejua wanasherehekea nini.

Nilianza kuona mambo mwaka ule wa mwisho wa hadithi hii. Alipita karibu nami sokoni Toi bila kunisalimia. Nikamsema kwa shoga yangu kwamba Norwe imempanda kichwani. Kisha nilikwenda kwake, akanimiminia chai, na chai ikafika ukingoni mwa kikombe, ikapita, ikajaa kisahani, naye anaendelea kumimina na kuzungumza. Nikamwambia. Akasema alikuwa anawaza. Halafu askari wa Jamhuri Park alinisimamisha barabarani.

“Mama, wewe ni jirani ya yule Sista wa mataiya?”

“Ndiyo.”

“Jana amegonga ile chain ya gate. Iko hapo tangu kitambo, anaijuanga. Ameanguka vibaya. Akaniambia nisiambie mtu.”

Nilikwenda moja kwa moja. Nilimkuta amekaa na bandeji kwenye kiwiko, bandeji safi ya kitaalamu, amejifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Sikumzungusha.

“Sista, macho.”

Alivuta mkono wa sweta juu ya bandeji. Kisha akasema, bila kupepesa, kwamba ni presha ya macho. Ilikuwa imemla pembeni kidogo kidogo kwa miaka, bila maumivu, na sasa aliiona dunia kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari wa Westlands alimpa matone ya kuzuia kilichobaki kisiende haraka. Kilichokwenda hakirudi.

“Nimepima watu presha maisha yangu yote,” alisema. “Ya mkono. Hii ya macho yangu sikuwahi kwenda kupimwa.”

“Na kanisani? Waambie wakusaidie.”

“Nilishaponywa mara moja, Mama Shiru. Nikirudi tena watasema imani imeisha.” Alicheka peke yake. Mimi sikuweza.

Ndipo nilipojua kwamba zamu za kazi zilikuwa zimekwisha. Muuguzi asiyeona sindano vizuri haendi kazini, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia simu kuwaambia. Akiba ya nauli alikuwa nayo. Kilichobaki ni msimu wenyewe. Yule rafiki yake mrefu asiyesema sana alimpigia na kumwambia aje tu. Kule wasioona wanateleza kila siku, akamwambia: mtu mmoja anatangulia akiongea, anayefuata anasikiliza, na mifereji inashika miguu. Yeye atatangulia. Ataongea. Kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

Sista alikataa.

“Nikifika pale ambapo naambiwa panda, shuka, kata kushoto, kama ng'ombe,” aliniambia, “afadhali nikae nyumbani.”

Nilijaribu kila njia. Nilimbembeleza, nikamchokoza, nikamwambia ana kichwa kigumu kama mpangaji wake. Hakusogea. Januari ikafika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue Sista alikuwa Jamhuri wakati wa jua. Ilikuwa huzuni kumwona. Alifunga mapazia mchana. Jua lililotufurahisha sisi lilimuumiza macho na kumuudhi moyo. Skii za magurudumu zilisimama nyuma ya mlango. Aliacha kuwapanga watu kwa rangi, na mpangaji wa nyuma alipokuja na hadithi yake, alimwachia kodi ya mwezi mzima bila kumsikiliza hata mwisho. Mimi nilimhofia zaidi kwa hilo kuliko kwa macho.

Jumamosi moja ya Februari, mapema, lango langu liligongwa. Alikuwa Sista, suruali ya kubana, kitenge kichwani, fimbo mkononi.

“Uko na raba?” akauliza.

“Raba za nini?”

“Rafiki yangu amepiga tena jana usiku. Nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Kama naweza kufuata mtu leo, nitaenda Machi. Nisipoweza, sitaenda tena, na usiniulize tena. Vaa raba.”

Nilimwambia mimi ni karani, tangu shule ya msingi sijakimbia isipokuwa kukimbia mvua. Akasema magurudumu ni ya polepole, nitembee haraka tu, na mdomo ndio anaouhitaji, ambao ninao. Nikavaa raba za binti yangu Shiru, zilizonibana vidole.

Askari alifungua lango akaikunja ile cheni kabisa, akaiweka pembeni. Tukaingia. Sista akajifunga skii kwa kupapasa, akasimama, fimbo tayari.

“Sema,” akaniambia.

“Niseme nini?”

“Unachoona.”

“Barabara,” nikasema. “Barabara tu.”

“Barabara gani, Mama Shiru? Inaenda wapi? Iko na nini? Ukisema barabara tu mimi naona ukuta.”

Raundi ya kwanza ilikuwa balaa. Nilisema kushoto nikimaanisha kulia. Nilisahau kutaja tuta, naye akalipanda kwa gurudumu moja, akaanguka kwenye nyasi, nikakimbia kumwinua, akaniambia nisimguse. Nilimwambia basi ajiinue mwenyewe na kiburi chake, kwa maana mimi nimeamka mapema Jumamosi kwa ajili yake na vidole vinaniuma. Tulikaa kwenye nyasi, tumenuniana, watu wazima wawili.

“Umemaliza?” akauliza baadaye.

“Nimemaliza.”

“Mimi ndiye nimekosea. Nilikuwa najaribu kuona. Siwezi kusikiliza na kujaribu kuona pamoja.” Akavuta kitenge chake kutoka kichwani, akajifunga machoni. “Sasa nitasikiliza. Enda.”

Nikaenda. Nikaanza kusema kila kitu. Nikasema lami imepasuka hapa, kaa katikati. Nikasema banda la kwanza kulia, mlango mwekundu, rangi imebabuka. Nikasema tunapanda kidogo, sasa tambarare, sasa inapinda kulia polepole, polepole, endelea kupinda, imenyooka. Nyuma yangu nilisikia fimbo mbili zikigusa lami pamoja na magurudumu yakinguruma, kisha kimya kirefu cha kuteleza, kisha fimbo tena. Ile sauti ya kutulia. Hakuwa anatembea. Nilipumua kwa shida, jasho likinitoka, lakini niliongea.

Tulipofika mbele ya jukwaa kubwa akaniomba nisimame apumzike. Alifungua kile kitambaa. Hatua chache mbele yetu, katikati ya barabara, alikuwa amesimama mmoja wa yale mandege makubwa ya jalalani, kipara, urefu wa mtoto wa shule, anatutazama kana kwamba sisi ndio tumeingia kwake. Nikacheka. “Sista, ona huyu anavyotuangalia.”

Aligeuza uso sawasawa upande wa ndege. Alikaza macho. Aliusogeza uso taratibu kulia, akaurudisha kushoto.

“Wapi?” akauliza.

Yule ndege angeweza kumdonoa fimbo.

“Ameruka,” nikamwambia. Sijui kwa nini nilimdanganya. Nikampigia ndege makofi akaondoka kweli, mbawa zake zikipiga kelele, naye Sista akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akajifunga kitambaa tena. “Haya, tumalize. Teremko lile la mwisho, mpaka langoni.”

Nilitangulia. Nilisema hatua za kwanza vizuri, kisha nikakumbuka uso wake ukimtafuta yule ndege. Nilimpenda mwanamke huyu, na nilikuwa nimemdhania ni wa kudumu. Machozi yakaja yenyewe, na sauti ikaniishia katikati ya neno. Nyuma yangu magurudumu yalikuwa yameshashika teremko.

“Mama Shiru!”

Nilikimbia tu, nikifuta macho kwa kiganja.

“Mama Shiru, usinyamaze! Nakuja, sina breki! Kama ni kulia, lia, lakini lia ukiongea!”

Basi nikalia nikiongea. Nikiwa nakimbia na makamasi yananitoka, nikamwambia kaa kulia kwangu, ni pana, hakuna shimo. Nikamwambia upande wa kushoto kuna mti umeangusha matawi lakini hayafiki barabarani. Nikamwambia jua limetoka nyuma ya mabanda, liko usoni kwako sasa, na lango liko wazi, na askari amesimama na redio yake kifuani ameizima kabisa. Nikamwambia pita, pita, njia ni yako. Nikatoka barabarani, akanipita, mgongo umekunjwa, fimbo kwapani, amefungwa macho, kinywa wazi anacheka.

Jumatatu alikata tikiti.